Meneja anayeweza kuambiwa: tujadili ustadi wa mawasiliano kwa viongozi wa kazi

Kalamu ya Ofisi (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Taasisi inapoamua kuwapeleka mameneja wake kwenye mafunzo ya mawasiliano, mara nyingi wanachofundishwa ni namna ya kusimama mbele ya watu, kupanga slaidi, kutumia mikono na macho, na kutoa hotuba isiyochosha. Sina ugomvi na mafunzo hayo, ila naona yanatibu pasipouma. Mameneja wengi huzungumza vizuri tu. Kasoro yao ni kwamba habari wanazozihitaji ili waamue jambo haziwafikii, au huwafikia zimechelewa na zimekwisha kupambwa. Hoja yangu ni kwamba ustadi wa kwanza wa mawasiliano kwa kiongozi ni kuwa mtu anayeweza kuambiwa, na kwamba ustadi huo hujengwa kwa mazoezi mahususi; haumjii mtu kwa sababu tu ana roho nzuri.

Henry Mintzberg, aliyewafuatilia kazini wakurugenzi watendaji 5 wa Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, alikuta kwamba asilimia 78 ya muda wao ilikwenda katika kuzungumza na watu: vikao, simu, ziara, mazungumzo ya kupita. Meneja anayesema hana muda wa kuzungumza na watu wake anasema, bila kujua, kwamba hana muda wa kuifanya kazi yake.

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingi ni wa chombo cha anga cha Marekani, Challenger. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukisukuma chombo hicho, walizungumza kwa simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakapendekeza kisirushwe siku iliyofuata, kwa kuwa baridi ingeyakakamaza mapete ya mpira yanayoziba maungio ya roketi. Maofisa wa NASA hawakuficha kwamba hawakuridhishwa. Kampuni ikaomba muda wa kujadiliana pembeni, na katika mjadala huo meneja wa ngazi ya juu akamwambia mwenzake aliyesimamia uhandisi avue kofia ya uhandisi na avae kofia ya umeneja. Pendekezo likageuzwa. Asubuhi ya tarehe 28 chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Kila nikilitazama tukio hilo naona kwamba vyombo vyote vya mawasiliano vilikuwapo: takwimu, watu wenye ujasiri wa kusema, na simu inayofanya kazi. Kilichoharibika ni swali. Kwa kawaida wahandisi hutakiwa kuthibitisha kwamba ni salama kurusha. Usiku ule walijikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba si salama, na mzigo huo hawakuweza kuubeba kwa takwimu walizokuwa nazo. Aliyeligeuza swali ndiye aliyeamua jibu.

Ndiyo maana naomba tujadili mambo yanayofanyika, kwa kuwa sifa za kiongozi bora tumezisoma za kutosha. Kwa kuanzia, tazameni maswali. Meneja akiuliza mwishoni mwa kikao, "Kuna mwenye swali?" au "Tuko sawa?", amewaomba watu wakubali, nao watakubali. Akiuliza, "Ni kitu gani kikitokea wiki hii kitatufanya tusimalize Ijumaa?", amemtuma kila mmoja akatafute tatizo, na anayelitaja anaonekana amejibu alichoulizwa, haonekani mpinzani. Kisha kuna zile sekunde za kwanza baada ya kupokea habari mbaya. Watu hawakumbuki tangazo lisemalo mlango wa meneja u wazi. Wanakumbuka sura yake siku alipoambiwa mzigo haujafika. Zoezi lenyewe ni kujizuia kuuliza "Nani amefanya hivi?" mpaka uwe umekwisha kuuliza "Umegundua lini, na sasa hivi tunahitaji nini?" Suala la nani litafika lenyewe, na mara nyingi litaletwa na mhusika kwa hiari yake.

Karibuni tuchangie.

Afisa Mafunzo

Mleta mada, nakubaliana nawe kwa sehemu, lakini usiyabeze mafunzo ya kusimama na kuzungumza. Katika semina tunazoziendesha tunawaeleza washiriki kwamba asilimia 7 tu ya ujumbe hubebwa na maneno, asilimia 38 hubebwa na sauti, na asilimia 55 hubebwa na uso na mwili. Meneja anayemsikiliza mtu huku anaitazama simu yake, hata akiuliza swali zuri namna gani, mwili wake umekwisha kutoa jibu. Kwa hiyo hata huko kuambiwa unakokutetea hakuwezekani bila kuufundisha mwili.

Msomaji Mkaidi

Afisa Mafunzo, usemalo kuhusu simu ni sahihi, ila takwimu ulizoliegemeza hazihusiani nalo. Zinatoka kwa Albert Mehrabian, katika tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1967. Katika mmoja, washiriki walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya chuki au isiyoegemea upande wowote. Katika mwingine sauti iliunganishwa na picha za nyuso. Kila mara waliulizwa wanadhani msemaji ana hisia gani. Kilichopimwa ni jambo finyu: pale neno linapopingana na sauti au uso kuhusu kupenda au kutopenda, msikilizaji huamini kipi? Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba kanuni hiyo haifai nje ya mazungumzo yanayohusu hisia na mwelekeo wa msemaji. Ingekuwa kweli kwa mawasiliano yote, kikao cha bajeti kingeweza kuendeshwa bila kutaja tarakimu hata moja.

Silisemi hili kwa ubishi. Lina madhara kazini, kwa sababu meneja aliyeaminishwa kwamba maneno ni asilimia 7 hataona haja ya kuliandika upya agizo lake hadi lieleweke.

Afisa Mafunzo

Nimekuelewa, na slaidi hiyo nitaiondoa. Hoja ya simu naibakiza.

Msimamizi wa Zamu

Wakuu, mimi ninasimamia watu wanaopokezana zamu, na naona mleta mada ameegemea upande mmoja. Habari kupanda juu ni jambo muhimu, lakini maagizo yanayoshuka nayo hupotea njiani, na mara nyingi anayeyapoteza ni yuleyule aliyeyatoa.

Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya jaribio ambalo kila msimamizi angepaswa kulijua. Watu waligonga meza kwa vidole kufuata mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengi, na wenzao wakatakiwa kuzitambua. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani mwake, na hawezi kuamini kwamba mwenzake anasikia kugongwa kwa meza tu. Meneja anayesema "tuliharakishe lile suala la wateja" yuko katika hali hiyohiyo: yeye anajua ni wateja gani, kwa nini, na mpaka lini, wakati aliyeambiwa hana hata kimoja kati ya hivyo, naye anaona aibu kuuliza kwa sababu agizo limetolewa kana kwamba kila kitu kinajulikana.

Sekta ya usafiri wa anga ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Maneno yaliyopita redioni kati ya mnara na ndege ya KLM yaliweza kueleweka kwa namna mbili. Zaidi ya hayo, mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama ile ya Pan Am imekwisha kutoka njiani. Nahodha akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeendelea kuuliza. Baada ya hapo kanuni za maneno ya redio zilikazwa, na rubani akatakiwa kuyarudia maagizo yenyewe badala ya kuitikia tu kwamba ameelewa.

Kwetu tumelichukua hilo bila redio. Swali la "umeelewa?" nimeliacha, kwa kuwa halina jibu jingine ila ndiyo. Badala yake nasema, "Hebu niambie utaanzia wapi, nijue kama nimelieleza vizuri." Sentensi hiyo inauweka kwangu mzigo wa kueleweka, hivyo anayerudia hajisikii kama mwanafunzi anayetahiniwa. Wenye uzoefu mkubwa walikereka mwanzoni, hasa fundi mmoja ambaye kwa wiki nzima alinijibu kwa kejeli, lakini hata kejeli zake zilinionyesha mara kwa mara kwamba alikuwa amesikia jambo tofauti na nililokusudia.

Mtumishi wa Kawaida

Mnazungumza kama vile sisi wa chini hatujui kusema, au tunahitaji kuulizwa maswali yaliyopangwa vizuri. Mfanyakazi anayenyamaza amepiga hesabu. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, aliyetaja tatizo alikabidhiwa tatizo hilo alitatue peke yake, juu ya majukumu yake ya kawaida na bila muda wa nyongeza. Hakuna aliyetukanwa wala kufukuzwa. Meneja alikuwa mpole na alitushukuru kila mara. Lakini baada ya miezi michache kikao kizima kilikuwa kimya, naye akawa anatusifu kwamba kazi sasa inakwenda vizuri. Swali langu kwa mleta mada: upole na maswali mazuri vinasaidia nini pale ambapo kusema kunaongeza kazi?

Kalamu ya Ofisi (mleta mada)

Msimamizi wa Zamu, naupokea ukosoaji wako. Hilo la kurudiwa kwa agizo lilistahili kuwamo katika andiko langu la kwanza.

Mtumishi wa Kawaida, umegusa jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Sidney Rosen na Abraham Tesser walionyesha mwaka 1970 kwamba watu husita kupeleka habari mbaya hata pale ambapo wao hawana kosa lolote katika habari hiyo. Ikiwa mtu husita bila sababu, basi atasita zaidi ukimpa sababu, na kukabidhiwa tatizo ni sababu nzito kuliko kukaripiwa, kwa kuwa karipio huisha na kazi hubaki. Kwa hiyo meneja anapaswa kutenganisha waziwazi matendo mawili: kuripoti na kutatua. Aseme mbele ya wote, "Asante kwa kulileta, sasa ni langu mpaka tuamue nani alishughulikie na ni kazi gani nyingine itasogezwa." Akishindwa kuitaja kazi itakayosogezwa, kimya mnachokiogopa kitarudi, hata awe mpole kiasi gani.

Niongeze onyo kwa wale wanaopima mafanikio kwa kuhesabu malalamiko. Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, akitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache. Rekodi zikaonyesha kinyume: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyataja. Meneja anayeanza kusikiliza vizuri ajue kwamba orodha yake ya matatizo itarefuka kabla ya kufupika, na amweleze mkubwa wake mapema, maana mkubwa asiyelijua hili atadhani idara imeharibika mikononi mwake.

Meneja Mpya

Nashukuru kwa uzi huu. Nimepandishwa cheo hivi karibuni, na miongoni mwa ninaowaongoza wamo walionifundisha kazi hii. Nikinyamaza, taarifa zinachelewa. Nikisema, naonekana ninajiona. Mkubwa wangu amenishauri nianze na sifa, niweke kasoro katikati, kisha nimalizie na sifa nyingine. Nimefanya hivyo na mzee mmoja, akaondoka amefurahi, na taarifa iliyofuata ikachelewa vilevile.

Mkufunzi Mstaafu

Hongera kwa cheo, mwanangu, kama utaniruhusu kukuita hivyo.

Mzee huyo aliondoka amefurahi kwa sababu ulimsifu mara mbili. Sifa inayotumika kama kifungashio haimdanganyi aliyezoea kazi, na asiyezoea hubaki na kifungashio akaacha kilichomo. Sifa kweli ikiwapo itoe siku yake, peke yake, na uitaje kwa jambo lililofanyika.

Kuhusu marekebisho yenyewe, Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za mrejesho na kuyachapisha mwaka 1996. Kwa wastani mrejesho uliboresha utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo uliushusha. Maelezo yao ni kwamba kadiri mrejesho unavyoyahamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake, ndivyo unavyozidi kupoteza nguvu. Kwa mtu aliyekutangulia kazini, nafsi hiyo iko karibu zaidi na jeraha, kwani kila neno lako analipima pia kama hukumu juu ya umri wake.

Kwa hiyo heshima iweke katika mambo yanayoizunguka sentensi: salamu, mahali pa faragha, muda usio wa haraka, na kwenda wewe mwenyewe pasipo kumtuma mtu. Sentensi yenyewe usiilainishe. "Mzee, siku hizi taarifa zako zinachelewa sana" ni hukumu, na atajitetea. Mwambie hivi: "Mzee, taarifa ya Jumatatu imefika Jumatano, na idara ya fedha imefunga hesabu bila takwimu zetu. Naihitaji Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Ni kitu gani kinakwamisha?" Baada ya hapo nyamaza. Hapo ndipo mameneja wapya hushindwa, kwa maana kimya kikizidi kidogo huanza kumjibia mtu: labda una kazi nyingi, labda mtandao unasumbua. Ukimpa sababu ataichukua, na ile ya kweli hutaisikia tena. Katika miaka yangu ya kufundisha, zoezi la kunyamaza baada ya swali ndilo lililowashinda washiriki wengi kuliko yote, na ndilo pekee ambalo waliwahi kuniandikia baadaye kuliulizia.

Meneja Mpya

Nimejaribu kama ulivyonielekeza. Kumbe mzee husubiri takwimu kutoka idara nyingine, ambazo humfikia Jumanne jioni. Alikuwa hajasema kwa sababu hakutaka kuonekana anamshtaki mwenzake.

Msimamizi wa Zamu

Hapo sasa umepata habari ambayo isingekufikia kwa sifa mia.

Anayepita Tu

Samahani kwa kuingilia. Je, haya yote yanafaa kwetu tunaoongozwa kwa ujumbe wa simu? Meneja wetu hutoa maagizo katika kundi la WhatsApp usiku, humkosoa mtu humohumo, kisha ikoni ya dole gumba huhesabiwa kuwa tumekubaliana.

Msomaji Mkaidi

Kwa ufupi: agizo linalobadilisha kazi ya mtu liandikwe mahali linapoweza kutafutwa na kuonekana tena, lenye jina la mhusika na tarehe ya mwisho, jambo linalogusa hadhi ya mtu lisemwe ana kwa ana au kwa simu, kamwe si mbele ya kundi. Dole gumba linathibitisha tu kwamba ujumbe umeonekana, si kwamba mmekubaliana. Na meneja anayependa kuandika usiku aandike, ila aupangie ujumbe saa ya kutumwa asubuhi, kwa sababu ujumbe wa bosi saa nne usiku husomwa kama dharura hata akiandika kwamba hakuna haraka.

Meneja wa Kati

Nimewafuatilia tangu mwanzo, na nina swali ambalo halijaguswa. Mimi nimejitahidi kuwa meneja anayeambiwa. Tatizo ni kwamba mkubwa wangu haambiki. Watu wangu wananiletea habari mbaya, nami nikizipandisha zinakufa mezani kwake. Sasa wananiona sina maana.

Kalamu ya Ofisi (mleta mada)

Ndugu, kabla ya kuamua kwamba haambiki, chunguza ulichomwambia kilikuwa na uzito gani masikioni mwake. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 iliyokuwa ikisubiri kutua New York katika hali mbaya ya hewa iliishiwa mafuta ikaanguka, na watu 73 kati ya 158 waliokuwamo wakafa. Marubani walikuwa wamewaambia waongozaji kwamba mafuta yanakwisha, na waliomba kipaumbele, lakini hawakutangaza hali ya dharura. Kwa waongozaji waliokuwa na foleni ndefu ya ndege, hiyo ilikuwa taarifa mojawapo kati ya nyingi. Sisi mameneja wa kati hufanya hivyo kila siku: tunasema "kuna changamoto kidogo ya watumishi" tukimaanisha kwamba kazi ya mwezi ujao haitafanyika, kisha tunashangaa kwa nini hakuna aliyeshtuka.

Habari inayopanda iwe na kilichotokea, kitakachofuata tusipofanya kitu, uamuzi unaoutaka kwake, na siku ambayo uamuzi huo utakuwa hauna faida tena. Kwa mfano: "Mafundi wawili wameacha kazi. Tukibaki hivi, matengenezo ya Machi hayatakamilika. Naomba uchague: tuajiri wa muda, au tuwaarifu wateja kwamba tumesogeza tarehe. Baada ya Ijumaa chaguo la kwanza halitawezekana." Mkubwa anaweza kulipuuza lalamiko kwa kukaa kimya, lakini hapa kimya chenyewe kimekwisha kuwa chaguo, naye anajua kwamba unajua. Akikataa, wapelekee watu wako jibu hilo kama lilivyo, pamoja na sababu alizozitoa, bila kumsema vibaya. Wanaweza kuvumilia jibu baya kuliko kutopata jibu, na wataendelea kukuletea habari.

Meneja wa Kati

Nimekupata. Nimwandikie kabla ya kuonana naye, au baada?

Kalamu ya Ofisi (mleta mada)

Baada, siku hiyohiyo, na mistari isizidi mitano. Akiipata kabla hamjaonana, atakuja na utetezi mkononi, na kikao chote kitakwisha mkibishana kama tatizo lipo.